Msalaba Mweupe Uwanjani Kavimvira

Mwaka 1960, Octave Nyandwi alipobaki peke yake kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Kavimvira, hakuna aliyemwambia kama bado ana kazi. Uhuru ulipokuja, rubani Mbelgiji wa kampuni ya pamba alikuwa ameondoka na ndege moja, ile iliyokuwa nzima. Ya pili, ndogo, yenye bawa lililopasuka, iliachwa ndani ya banda la mabati. Octave alikuwa fundi msaidizi kwa miaka tisa. Aliendelea kuja kila asubuhi, akafyeka majani kando ya uwanja, akaifuta ile ndege vumbi. Mwaka wa pili alichoka kufanya hivyo bila mtu wa kuzungumza naye, akaenda shule ya sekondari ya Uvira kuomba wanafunzi wa siku ya Jumamosi.

"Natafuta wasioogopa kuchafuka," alimwambia mkuu wa shule. "Inchi iko yetu sasa. Ndege zitatengenezwa na nani?"

Walikuja saba. Msichana alikuwa mmoja tu, Ernestine, wa miaka kumi na tano, binti wa mvuvi Gaspard wa palepale Kavimvira. Gaspard alikubali kwa kuwa uwanja ulikuwa karibu na nyumbani, na kwa kuwa alidhani mambo hayo hayatazidi mwezi mmoja.

Mwezi mzima ulipita na Octave hakuwaruhusu kugusa ndege. Aliwatembeza uwanjani kutoka mwisho hadi mwisho, wakihesabu hatua, wakiokota mawe, wakichungulia mashimo ya panya. Aliwapa mtalimbo mzito, ule wa kuchimbia mashimo ya nguzo, na kuwafundisha kuusimamisha wima na kuuachia ushuke kwa uzito wake. Penye udongo mgumu ulidunda. Penye udongo laini ulizama.

"Juu ya nini hatuanze na motere?" aliuliza Kizito, kijana aliyeshuka kutoka milima ya Rurambo, kwenye ng'ombe wa baba yake, kuja kusoma.

"Motere ikizima, rubani anaweza kuteleza na upepo akatafuta pa kushuka," Octave alijibu. "Gurudumu likizama mu udongo wakati iko anakimbia, hana la kufanya. Ndege inaanzia chini, batoto."

Aliwafundisha pia alama za kitambaa cheupe ambazo rubani huzisoma akiwa juu. Alama ya T ilimwonyesha upande wa kutua. Msalaba wa mistari miwili iliyokatana ulimwambia asitue kabisa.

Kisha ikaja zamu ya motere, injini yenyewe. Waliifungua yote, wakapanga vipande juu ya magunia, wakairudisha, wakaifungua tena. Ernestine alijifunza kumimina esanse, mafuta ya motere, kidogo kwenye chupa na kuitazama kwenye mwanga, kuona kama kuna maji yaliyotulia chini. Alijifunza kufunga buloni, au bolti, kwa waya ili isilegezwe na mtikisiko. Vidole vyake vilikuwa vyembamba, vikafika pale ambapo vya wenzake havikufika, na baada ya muda Kizito alikuwa akimwita yeye kabla ya kumwita mwalimu. Ile ndege haikuruka hata siku moja. Lakini mwishoni mwa mwaka wa pili wanafunzi wanne waliokuwa wamebaki waliiwasha motere yake, na propela ikazunguka kwa dakika sita nzima. Gaspard, aliyekuwa akitengeneza wavu ufukoni, alisikia mngurumo akaja mbio. Alimkuta binti yake ana oili hadi viwikoni, anacheka.

Mwezi wa nne mwaka 1964 uasi ulifika Uvira. Shule ilifungwa. Octave alivuka mpaka kwenda Bujumbura na mke wake, kabla ya njia kufungwa. Gaspard aliwapeleka watu wake milimani, Rurambo, kwa wazazi wa Kizito, na huko wakakaa miezi sita wakilima viazi vya wenyeji wao na kusikiliza milio ya bunduki bondeni. Waasi hawakutaka ndege za serikali zitue, wakachimba mitaro mitatu kukata uwanja. Banda la mabati lilichomwa, na ile ndege iliungua nalo.

Waliporudi, mji ulikuwa mikononi mwa askari wa serikali. Nyumba nyingi hazikuwa na milango. Ernestine alikwenda uwanjani siku moja tu, akatazama mabaki meusi ya motere, akarudi nyumbani.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilileta ugonjwa wa kuhara damu, na watoto ndio walioumia zaidi. Muuguzi Honorine, aliyebaki peke yake kwenye dispansari, aliishiwa dawa. Barabara ya kaskazini ilikuwa na waviziaji, mpaka ulikuwa umefungwa, na askari walikuwa wamekataza mitumbwi kuvuka ziwa. Kwa redio ya askari, habari ilikuja kutoka Bukavu: ndege ya msaada italeta dawa siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, kama mitaro itakuwa imefukiwa na alama zimewekwa.

Mzee Bonaventure, mkubwa wa mtaa, alikusanya watu sitini. Walifukia mitaro kwa siku mbili, mvua ikiwanyeshea. Mjukuu wake mwenyewe alikuwa amelazwa dispansari. Aliwaita Ernestine na Kizito kwa sababu ni wao tu waliokuwa wamerudi kati ya wale waliosoma kwa Octave.

"Nyinye ndio munajua mambo ya alama," alisema. "Muweke ile ya kumwambia ashuke."

Asubuhi ya Alhamisi walikuja na mashuka meupe ya dispansari. Kizito alianza kuyakunjua. Ernestine alikwenda kuazima mtalimbo kwa watu waliokuwa wakimalizia kufukia. Kwenye mtaro wa kwanza ulidunda. Kwenye wa tatu, pia. Kwenye mtaro wa pili, ule wa katikati, ulizama hadi kiganja chake kikagusa matope. Aliuchomoa, akasogea hatua mbili, akaujaribu tena. Ukazama vilevile.

"Kizito, kuja uone."

Kizito alijaribu mwenyewe. Akasema, "Juu kunaonekana kuzuri."

"Juu ni mchanga. Chini walitupa majani na migomba."

"Pengine atashuka mbele ya hapa."

"Tulipima hatua. Mbele ya hapa hazitoshi. Nyuma ya hapa hazitoshi."

Bonaventure alikuwa amewafikia. Alisikiliza, akatazama udongo, akaukanyaga kwa kisigino.

"Binti yangu," alisema taratibu, "watu wamefanya kazi siku mbili. Dawa iko inakuja. Weka ile alama."

"Baba, ndege itapinduka."

"Weye ulishaona ndege ikipinduka?"

"Hapana, baba."

"Basi."

Wakati huo mngurumo ukasikika upande wa mto Ruzizi. Ernestine alimtazama Kizito. Walichukua mashuka, mmoja huku mwingine kule, wakakimbia wakayatandaza katikati ya uwanja, na mistari miwili ikakatana. Bonaventure alielewa tu alipoona ndege imeshuka chini sana, imepita juu ya vichwa vyao, ikapanda tena. Ilizunguka mara mbili. Mara ya pili mkono ulitoka dirishani ukatupa kopo lililofungwa kitambaa chekundu, kisha ndege ikageuka kwenda kaskazini hadi haikuonekana.

Ndani ya kopo kulikuwa na karatasi. Ernestine aliisoma kwa sauti, kwanza kwa Kifaransa kama ilivyoandikwa, halafu kwa Kiswahili: "Nimeuona msalaba. Dawa zimo kwenye chupa, siwezi kuzitupa. Nitarudi Jumamosi saa ile ile."

Mwanamke mmoja alianza kulia. Wanaume walikuwa wakimwangalia Ernestine, na mmoja alitema mate chini. Bonaventure hakumtukana. Alimwendea dereva wa lori la askari, lililokuwa limeleta majembe, akamwomba apite juu ya mitaro yote ili watu waone kama pako pagumu. Lori lilivuka mtaro wa kwanza bila shida. Lilipofika wa pili, gurudumu la mbele lilishuka polepole, kisha lote kwa mara moja, na pua ya lori ikalala kwenye matope. Iliwachukua watu arobaini hadi saa saba mchana kulitoa.

Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuamriwa. Waliufukua mtaro wote, wakatoa migomba iliyooza, wakabeba mawe kutoka mto Kavimvira kwa vikapu. Ernestine aliwaambia waweke mawe makubwa chini, madogo juu yake, kisha udongo kidogo, na kila tabaka washindilie kwa magogo kabla ya kuongeza lingine. Gaspard alikuja na wavuvi wenzake kumi na wawili. Alishika gogo na kuanza kushindilia.

Ijumaa mchana mtoto mmoja alikufa dispansari. Alikuwa na miaka mitatu, jina lake Rémy, mwana wa jirani yao Élisabeth. Ernestine alikwenda msibani na matope miguuni. Alikaa chini na wanawake wengine. Élisabeth alimtazama mara moja, akageuza uso, na Ernestine akabaki pale hadi mazishi yalipokwisha, kwa sababu hakujua angeondokaje. Kisha akarudi uwanjani, akachukua mtalimbo.

Jumamosi ndege ilitua. Ilivuka mtaro wa pili kwa kasi, ikatikisika kidogo, ikaenda kusimama mbele ya watu. Rubani, mtu mfupi mwenye mvi, alirudi nyuma kwa miguu kuutazama mtaro huo. Kisha akauliza ni nani aliyeweka msalaba. Bonaventure ndiye aliyemwonyesha.

"Hawa wawili," alisema. "Minye nilikataa. Wao walijua."

Mjukuu wake alipona, na wengine kumi na tisa.

Octave alirudi mwaka uliofuata, amekonda. Ernestine alimsimulia yote wakiwa wamekaa kwenye magofu ya banda. Mwalimu alitaka kujua mtalimbo ulizama kiasi gani, mawe yaliwekwaje, lori lilikuwa na uzito gani. Ernestine alijibu yote. Halafu akamweleza juu ya Rémy.

"Kama ningeacha rubani ashuke, pengine angefika salama," alisema. "Pengine yule mtoto angeishi."

Octave alisugua magoti yake.

"Pengine," alisema. "Na pengine tungezika rubani, na kisha watoto ishirini. Kubeba hiyo pengine sikuweza kukufundisha. Hata minye iko naibeba ya kwangu."

Hakumwambia ya kwake ni ipi. Lakini siku hiyo Ernestine alilala vizuri kuliko siku nyingi zilizotangulia.

Barua ilifika baada ya mvua. Yule rubani alikuwa amesema habari za Ernestine na Kizito huko Bukavu, na uwanja wa huko ulihitaji vijana wawili wa kufundishwa kazi, mmoja wa motere na mmoja wa usalama wa njia ya kutua. Gaspard alisema hapana kwa wiki mbili. Wiki ya tatu alianza kuuliza watu kama Bukavu ni baridi sana, na mama yake Ernestine akajua ameshakubali.

Asubuhi ya safari, Élisabeth alikuja na kifurushi cha ndagala zilizokaushwa, kimefungwa kwa jani la mgomba. Alikuwa hajasema naye tangu msiba.

"Huko juu hakuna samaki wa ziwa letu," alisema. "Utakula na mwenzako."

"Asante, mama."

Élisabeth alimshika mkono, akaushikilia kidogo, kisha akaenda zake sokoni.

Walipanda ndege ndogo, Kizito akiwa mbele na Ernestine nyuma, kati ya magunia ya barua. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuondoka ardhini. Kizito alifumba macho. Ernestine alisikiliza motere kwanza, silinda baada ya silinda, hadi aliporidhika kwamba inaimba sawa. Ndipo akageuka dirishani akaliona ziwa lote, na mitumbwi midogo imetawanyika juu yake, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa wa baba yake.