Aliyezikwa Mchangani

Mimi ni mwongo. Nalisema mapema tusije tukalaumiana mbele ya safari.

Kwa miaka thelathini na minane nilikuwa fundi wa mizani. Nilizunguka madukani na kwenye maghala na mkoba wa mawe ya shaba, nikizihoji mizani za watu kama zinasema kweli. Jiwe la mizani likichakaa hupungua. Basi unaligeuza, unalitoboa kidogo tumboni, unadondoshea madini ya risasi yaliyoyeyushwa mpaka uzito wake urudi. Haikunipita hata gramu moja. Sasa mtu aliyebanwa na ukweli kutwa nzima, akirudi nyumbani apumulie wapi? Mimi nilipumulia mdomoni.

Marehemu mke wangu alikuwa akiwaonya wageni: "Anayosema huyu gawa kwa tatu, na hiyo theluthi nayo uiache hapahapa." Alipoondoka, nyumba ilibaki na mizani saba, viti vinne na mimi. Nikaanza kupima vitu visivyoomba kupimwa. Gazeti la Jumapili, gramu mia na tisini. Soksi ya kushoto ni nzito kuliko ya kulia, msiniulize kwa nini. Barua ya kunistaafisha niliipima pia: gramu tano. Miaka thelathini na minane, gramu tano.

Aliyekuwa akiniokoa ni mjukuu wangu, binti wa binti yangu, ana miaka kumi na mmoja. Nilimbatiza Chiriku kwa sababu alianza kusema kabla hajaota meno, na meno yenyewe yalipokuja yalilazimika kusubiri amalize. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi anafika, anapanda mizani ya magunia iliyo pale sebuleni, namsomea uzito wake, anabisha, kisha anakaa chini.

"Haya Babu, nipe ya mchangani."

Ya mchangani ndiyo hadithi yangu ya kujivunia. Nilipokuwa darasa la sita, shuleni kwetu kulikuwa na mbabe tuliyemwita Tingatinga, kwa sababu alipopita, vitu havikubaki wima. Siku moja yeye na genge lake wakanikamata, wakanifukia mpaka shingoni kwenye shimo la mchanga la kurukia. Mimi badala ya kulia, nikacheka. Nikavuta pumzi, nikazama mzima, nikachimba kwa kucha chini kwa chini. Nikapita chini ya darasa la tatu, nikawasikia juu ya kichwa changu wakikosea saba mara nane, nikawasahihisha kwa kugonga sakafu. Nikaibukia chini ya meza ya mwalimu mkuu. Akainama, akaniuliza: "Wewe ni fuko wa wapi?" Nikamjibu: "Fuko wa darasa la sita, mwalimu." Tingatinga akashika adabu, akanibebea mkoba mpaka tukamaliza shule.

"Jumamosi iliyopita ulipita chini ya darasa la nne," Chiriku alikuwa akinikamata.

"Nilipita yote mawili. Kule chini hakuna vibao, nilipotea kidogo."

Anacheka mpaka kiti kinalia. Nami nilijiona tajiri.

Kisha ikaja Jumamosi moja, akaipita mizani ya magunia bila kuitazama. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimefungwa bendeji.

"Chiriku, umemeza kengele?"

Akavuta kiti, akakaa.

"Vidole vimepatwa na nini?"

"Mlango."

Ilinigharimu vikombe viwili vya chai kumtoa neno la pili. Mwanzoni mwa muhula, aliniambia, alizimia mstarini asubuhi. Jua lilikuwa kali na hakuwa amekula kitu, basi. Lakini kuna msichana darasani kwao, wenzake wanamwita Malkia, akasema Chiriku ana ugonjwa unaoruka. Ukimgusa, siku ya saba nawe unaanguka.

Siku ya saba! Nikasema moyoni, huyu mtoto anaijua kazi. Angesema ugonjwa tu, wangesahau kufikia mchana. Ile saba ndiyo iliyogandisha mambo. Nilimstahi kama fundi anavyomstahi fundi.

Wakaanza kufuta viti alivyokalia. Wakimpitishia daftari wanalisukuma kwa rula. Na Alhamisi wakamfungia kwenye stoo ya mipira na magodoro ya mazoezi.

"Ukapiga kelele?"

"Hapana." Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kijinga. "Nilicheka. Nilicheka kwa nguvu ili wanisikie. Wakasema, mnaona, ugonjwa umeshampanda kichwani. Wakaondoka. Nikatafuta pa kutokea. Nikachokonoa kitasa kwa kucha."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka mlinzi alipokuja kufunga madirisha. Mama nimemwambia nilibanwa na mlango." Akausogeza mkono ule chini ya meza. "Babu, nilikosea wapi? Wewe ulicheka saa ngapi? Walipokuwa bado wanafukia, au walipomaliza? Labda mimi niliwahi mno."

Nataka mjue kwamba ulimi ulikuwa umeshainuka. Hadithi mpya ilikuwa tayari mlangoni, imevaa na viatu: ningemwambia lazima ucheke mara tatu, ukitazama ukutani. Angeniamini. Jumatatu angekwenda kuijaribu.

"Sikuzikwa," nikasema.

"Nini?"

"Kwenye mchanga. Aliyezikwa si mimi."

Nikamwambia. Kulikuwa na mtoto darasani kwetu aliyelazwa hospitali wiki tatu. Alirudi amekonda, na mikono yake ilikuwa baridi. Mimi nilikuwa kimbaumbau, mpira sijui, kaka mkubwa sina. Mali yangu yote ilikuwa mdomo. Nikawaambia wenzangu kwamba yule alikufa Jumanne, akatiwa kwenye jokofu la maiti, na Alhamisi akaamka kwa sababu mlinzi alipiga chafya. Wakacheka. Tingatinga alicheka kuliko wote, na tangu siku hiyo nikapata nafasi kwenye benchi lake. Kufika Ijumaa mtoto yule alikuwa anaitwa Maiti. Hakuna aliyempa mkono. Hakuna aliyekunywa maji kwenye bomba alilotoka kunywa yeye. Nami kila asubuhi niliongeza kipande, maana hadhira ikizoea kushiba haikubali tena makombo.

"Halafu?" Chiriku alikuwa ananong'ona.

"Halafu Tingatinga akasema maiti huzikwa. Wakamlaza kwenye shimo, wakamfukia mpaka kidevuni."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa juu ya ndoo. Nilisoma wasifu wa marehemu."

"Ukasemaje?"

"Nilichekesha. Watu walicheka mpaka wakakaa chini."

"Yeye alifanyaje?"

Nilitamani aulize kingine chochote. "Alikuwa ananisikiliza," nikasema. "Alifumba macho mchanga usiingie, lakini nilimwona anasikiliza. Kengele ikalia, tukakimbilia darasani. Nani alimfukua sijui. Baadaye hakuja tena shuleni."

Chiriku alikisukuma kikombe kando, nami nikausikia mshale wa mizani ya jikoni ukitikisika kwa upepo wa dirishani.

"Kwa hiyo wewe si wa mchangani," akasema. "Wewe ni Malkia."

"Ndiyo."

"Na ulijua ni uongo?"

"Mwanzishaji siku zote anajua, mjukuu wangu. Wanaoamini ni wengine."

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Si nimekwambia, Maiti."

"Siulizi hilo, Babu. Mama yake alimwitaje?"

Nikafungua mdomo. Mdomo huu, ambao haujawahi kukosa neno hata kwenye msiba, ukakaa wazi kama mlango wa nyumba iliyohamwa.

"Sikumbuki."

Akachukua mkoba wake. "Basi nitakuja ukikumbuka." Akatoka, akaketi kwenye ngazi za nje kumsubiri mama yake. Sikuthubutu kumfuata. Nilisimama nyuma ya pazia kama mwizi wa nyumba yangu mwenyewe, nikaisikia sauti ya binti yangu ikifika, na ya Chiriku ikimpokea: "Mama, si mlango." Kisha akamweleza yote, pale pale kwenye ngazi, tangu mstarini mpaka kitasa, bila kupamba.

Jumatano binti yangu akanipigia simu. Amekwenda shuleni. Malkia ameitwa na wazazi wake, amelia kuliko aliyefungiwa. Stoo imewekewa kufuli, na ufunguo anakaa nao mwalimu.

"Lakini Baba, ulimwambia nini mwanangu?"

"Nilimwambia kweli."



"Wewe?"

Jumamosi ya kwanza nilitenga vikombe viwili, nikakirudisha kimoja. Ya pili nilikaa mwenyewe juu ya mizani ya magunia, nikijaribu majina kwa mpangilio wa herufi, nikayatamka kwa sauti nisikie kama kuna litakaloitika. Jirani akagonga kuuliza kama nina wageni. Nilimwambia ninao arobaini. Hata uongo huo haukuninogea.

Ya tatu nikaenda kumwona Tingatinga. Yu hai. Zamani aliinua dawati kwa mkono mmoja; siku hizi wajukuu wawili humwinua yeye kutoka kitini. Nilipomtajia mchanga tu, alipiga paja.

"Maiti! Nani atamsahau Maiti? Ewe bwana, ulituvunja mbavu siku ile! 'Marehemu ameacha mjane mmoja na daftari la hesabu lisilosahihishwa!'" Alikuwa nayo yote neno kwa neno, kwa miaka zaidi ya hamsini. Alicheka mpaka akakohoa, nikampa maji.

"Jina lake nani?"

"Si ndiyo hilo, Maiti."

"La kwao."

Alifikiri. Kicheko kikamtoka usoni taratibu. "Alikuwa na jingine?" akauliza, kisha akajisikia alivyouliza, akatazama miguu yake. "Mimi nilishika koleo tu," akasema. "Maneno yalikuwa yako."

Jumatatu nikaenda shuleni kwetu. Nikakuta rangi mpya na karani kijana mwenye miwani.

"Shikamoo mzee. Umekuja kwa ajili ya cheti?"

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya jina."

Nilimtajia mwaka, akanitazama mara mbili. Lakini alikuwa binti wa heshima. Alipotea nyuma ya makabati, akarudi na vumbi mabegani na daftari la mahudhurio ambalo panya walikuwa wamelionja pembeni. Akanipa kiti dirishani.

Nilijikuta mimi kwanza. Vijiti vya mahudhurio vimesimama wima kila siku, sikukosa hata moja. Mtu mwenye hadhira hakosi. Nikashuka mstari kwa mstari kwa kidole, kama nilivyokuwa nikisoma alama za mizani. Nikapata palipo na wiki tatu tupu. Kushoto kwake, kwa mwandiko wa mwalimu wetu uliolala upande, palikuwa na jina. Majina mawili, lake na la baba yake. Jina la kawaida kabisa. Nililitazama lisinikumbushe chochote, haki ya Mungu.

Wiki tatu tupu, kisha vijiti vinaanza. Tarehe ya mazishi yetu naijua, ilikuwa siku ya kufunga mashindano ya michezo, na mwalimu alikuwa ameiandika juu ya ukurasa. Nikatafuta vijiti vinapoishia.

Havikuishia pale.

Miaka yote hii nilijiambia kwamba aliondoka kesho yake. Kumbe alikuja siku kumi na moja zaidi. Kumi na moja, nilihesabu mara mbili, halafu nikamwomba karani anihesabie. Aliamka, akavaa, akaketi kati yetu, akaitwa jina lake na mwalimu, akaitikia. Mara kumi na moja niliisikia sauti yake ikisema nipo. Sina hata moja kichwani. Baada ya hapo ni mstari mwekundu uliopigwa kwa rula.

Karani akaniuliza kama nataka maji. Nikamwomba karatasi.

Jioni ile nikapiga simu. Alipokea Chiriku mwenyewe.

"Umekumbuka?"

"Hapana. Nimelikuta limeandikwa."

Aliwaza. "Jumamosi," akasema, akakata.

Alikuja. Bendeji zimetoka, kucha ndiyo kwanza zinaanza kuchungulia. Hakupanda mizani. Alichukua kile kikaratasi, akalisoma jina kwa sauti, taratibu, kama mwalimu. Nusura niitike mimi kwa niaba.

"Haya. Nipe ya mchangani. Ukimtaja kwa jina lake."

Nikampa. Mambo ni ya ajabu: ukiweka jina la mtu mle ndani, hakuna mahali pa kuchekesha. Nilipita kwenye jokofu, kimya. Nilipita kwenye chafya ya mlinzi, kimya. Nilipofika kwenye ndoo niliiona fupi. Nikamtajia zile siku kumi na moja. Hadithi niliyokuwa nikiivuta mpaka adhuhuri iliisha kabla chai haijapoa.

"Halafu?"

"Halafu sijui."

Aliitikia kwa kichwa kana kwamba jibu hilo anaweza kulipokea. Akanywa chai. Baadaye sana, akiwa anachezea sahani ya kikombe, alisema: "Kuna mgeni darasani, amehamia juzi. Amekaa na mimi."

"Vizuri!"

"Bado hajasikia."

Nikatafuta la kumwambia. Mimi, fuko wa darasa la sita. Nilitafuta kila mfuko.

"Akisikia," nikasema, "nawe uwe umeshamwambia jina lako."

Mama yake alipopiga honi, aliinuka, akanigusa begani akipita, kidogo tu. Alikiacha kikaratasi mezani.

Mnataka kulijua jina. Sitalitaja. Nimewajua wasikilizaji maisha yangu yote, na nimejua mnachofanya na jina la mtu mkishapewa.

Siku hizi anakuja Jumamosi moja na kuruka moja. Ile anayoruka, naketi peke yangu, kikaratasi kiko mbele yangu na mizani ndogo ya dawa iko kando, ile inayopima hata unywele. Mkono huwa unakwenda wenyewe kukipima. Naurudisha.