Dakika za Kisoda

Ilipofika Jumamosi nilitakiwa niwe nimemwacha mmoja wao, Ngongoti au Kisoda. Timu yetu haikuwa na uwezo wa kuwalea wote wawili, na mwenye kuamua nilikuwa mimi, mtu ambaye hata nikikanyagwa mguu kwenye foleni, ndiye ninayesema samahani.

Niseme mapema kwamba vijana hawa hawapo duniani. Ni wachezaji wa kwenye mchezo wa mtandaoni, ule ambao unapewa timu ya mpira wa kikapu uisimamie. Unapanga kikosi, unalipa mishahara, unachagua mazoezi, kisha kompyuta inacheza mechi yenyewe nawe unasubiri matokeo kama mzazi aliyesimama nje ya chumba cha mtihani. Wenye timu tajiri hununua wachezaji walioiva. Sisi, timu yetu ikiitwa Kokoto, tulikuwa tunaokota vijana waliotoka shule, ambao hakuna aliyewataka, na kuwafundisha wenyewe. Majina waliyopewa na kompyuta yalikuwa hayatamkiki, tukawapa ya kwetu.

Tulikuwa watatu. Mjomba, aliyenilea tangu mama alipofariki, ndiye kocha. Zamani alifundisha timu ya kiwanda alichofanyia kazi, wakicheza kwenye uwanja wa saruji nyuma ya ghala, mpaka goti lake lilipomgomea. Mwanawe, binamu yangu, ni fundi simu, na kila mtu mtaani anamwita Fundi. Alitoboa dirisha kubwa kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, akaweka meza na taa, basi hapo ndipo palikuwa makao makuu ya klabu. Mchezo wenyewe tuliuchezea kwenye simu moja kubwa yenye ufa, ambayo mwenye nayo aliileta kutengenezwa na hakurudi tena. Ufa ulipita juu ya jina la mchezeshaji wetu, yule anayepandisha mpira na kuwagawia wenzake, kwa hiyo kila mara ilibidi uisogeze orodha ili ujue nani anapiga pasi.

Mimi napanga kikosi nikitoka kazini. Nafanya kazi kwenye maabara ya zahanati. Siku nzima naangalia damu za watu kwenye hadubini, na kazi hiyo inanifaa, maana damu haikuulizi mbona uko kimya.

Mchezo ule una sheria moja ambayo wageni huidharau: mazoezi hayamwingii kijana asiyecheza. Kila wiki unachagua ujuzi mmoja na nafasi moja uwanjani. Aliyecheza nafasi hiyo dakika za kutosha, anapanda. Aliyecheza kidogo hapandi, hata awe na kipaji cha ajabu. Sisi tulikuwa tunafundisha pasi, kwa hiyo kijana tunayemtaka akue ilibidi acheze kama mchezeshaji. Ndiyo maana Mjomba alimtoa Ngongoti, mrefu kama mlingoti, chini ya kikapu alikozoea, akamwambia apande na mpira. Tulifungwa. Wasimamizi wa timu nyingine wakatuandikia, "Jamani, nani kamwagiza twiga akachunge mbuzi?"

Kisoda alikuwa kinyume chake. Mfupi, mshahara mdogo, na sifa zake zote zimeandikwa "wastani", kama ripoti ya mwalimu ambaye hakumbuki sura ya mwanafunzi.

Siku moja Mjomba aliisogeza ile simu karibu na miwani yake, akakunja uso.

"Nani amekuwa akipanga dakika?"

"Mimi, Mjomba."

"Umezigawa kama peremende kwenye sherehe ya watoto. Ngongoti nusu, Kisoda nusu."

"Niliona atakayekaa benchi atajisikia vibaya."

Fundi alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka. "Dokta!" Ndivyo anavyoniita, ingawa sijawahi kumtibu hata kuku. "Hao ni namba! Wakijisikia vibaya watamlilia nani, chaja?"

Mjomba hakucheka. "Nusu huyu, nusu yule, na msimu mzima hakuna aliyepanda hata hatua moja. Nao wote wanakula mshahara. Mmoja aende sokoni. Jumamosi, kabla soko halijafungwa. Uliyewagawia ndiye utakayechagua."

Nilibeba jambo hilo mpaka maabara. Nikiweka damu chini ya lenzi nawaona wawili wale, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Ukweli ni kwamba haikuwa kazi ngumu. Ngongoti alikuwa na kimo, alikuwa na kipaji, mtoto yeyote angekuonyesha wa kubaki naye. Lakini kila nilipofika mahali pa kulibonyeza jina la Kisoda, kidole kiligoma.

Jioni ya kuamkia Jumamosi nilikuwa bado nimeishika ile simu. Mjomba alikuwa kwenye kiti chake, mguu juu ya kreti la soda. Fundi alikuwa ameinamia simu ya mtu, moshi mwembamba ukipanda kutoka kwenye risasi ya kulehemu aliyokuwa akiiyeyusha.

"Mtoe Kisoda, Dokta, yaishe," alisema bila kuinua kichwa. "Sisi akina Kisoda tumezoea. Tunasugua benchi mpaka linang'aa."

Alisema huku anacheka. Lakini Mjomba aliushusha mguu wake kutoka kwenye kreti, polepole.

Mimi na Fundi tulimaliza shule mwaka mmoja. Wote tulifaulu. Uwezo wa nyumba ulikuwa wa kumpeleka chuo mtu mmoja, na Mjomba alinipeleka mimi. Lilisemwa mara moja tu, wakati wa chakula. Fundi alisema "Hongera, dada," akaongeza maji kwenye glasi yangu, na wiki iliyofuata akaenda kukaa kwa fundi mmoja wa simu ili ajifunze. Tangu hapo halikuguswa tena. Nilikuwa nalizunguka kama unavyozunguka kitanda cha mgonjwa aliyelala.

Sijui nilipata wapi sauti.

"Mjomba, ulijuaje?"

"Nilijuaje nini?"

"Mwaka ule. Nani aende chuo, mimi au Fundi."

Mikono ya Fundi ilitulia. Mjomba alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Sikujua," alisema. "Huyu mwanangu ukimshusha mahali asipopajua asubuhi, jioni ana marafiki na ana kazi. Wewe nilikuwa nakutuma dukani, unarudi mikono mitupu kwa sababu umeona haya kumwita muuzaji. Nikawaza, siku nikiondoka, huyu atamwomba nani? Sikumpeleka mwenye akili zaidi, mwanangu. Nilimpeleka niliyemhofia."

Neno hilo lilinichoma kidogo, siwezi kuficha. Miaka yote nilidhani nilichaguliwa kwa kichwa changu. Lakini nilipomtazama Fundi nikasahau la kwangu. Alikuwa ameweka kifaa chake chini, anamkodolea macho baba yake.

"Mzee, mimi nilijua uliona kichwa changu hakifai."

"Nani alikwambia hivyo?"

"Hakuna aliyeniambia kitu. Si ndiyo hivyo?"

Mjomba alifungua mdomo. Wakati huohuo mama mmoja akachungulia dirishani. "Fundi, simu yangu imepona?"

"Bado iko wodini, mama," Fundi alijibu. "Njoo kesho uione."

Mama alicheka akaenda zake. Mjomba alinyoosha mkono, akamshika mwanawe begani, akauacha pale. Mwisho Fundi alisema, "Mzee, unanielemea, nitaunguza simu ya watu," na mkono ukaondoka.

Asubuhi ya Jumamosi nilibonyeza jina. Fundi alichungulia juu ya bega langu.

"Umemuuza Ngongoti? Dokta, una homa? Umerudia lile lile la mzee, unamhurumia mnyonge."

"Simhurumii," nilisema. "Tangu tumchukue Kisoda hajawahi kucheza mechi nzima. Mimi mwenyewe sijui ni mchezaji wa namna gani. Wewe unajua?"

Fundi aliivuta simu, akalitazama jina la Kisoda.

"Tutashuka daraja," alisema Mjomba kutoka kwenye kiti chake.

"Tutashuka, Mjomba."

Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu bila kutanguliza samahani. Alirudisha mguu wake juu ya kreti.

Ngongoti alinunuliwa kabla ya mchana, na aliyemnunua ni yule yule wa twiga na mbuzi. Kisoda alicheza mechi nzima, dakika zote, na tukapigwa vibaya sana. Matokeo ya mazoezi yalipotoka, pembeni ya jina lake, chini kidogo ya ufa, palikuwa na mshale mdogo wa kijani. Pasi, hatua moja. Mjomba aliomba aonyeshwe mara mbili.

Fundi naye aliutazama. Kisha akageuka, akaanza kutafuta skrubu kwenye kopo ambalo lilikuwa mbele yake tangu asubuhi.

"Dokta."

"Nini?"

"Pale chuoni kwenu, yale masomo ya jioni, ya mambo ya umeme. Bado yapo?"

"Yapo."

"Si kwamba naenda. Nauliza."

"Najua."

"Sasa mtu anaanzia wapi?"

Nilivuta stuli, nikakaa upande wa dirisha, ule wa wateja, ili asikatizwe. Nilianza kumweleza nani wa kumwona na aende siku gani, naye aliacha kujifanya anatafuta skrubu. Hatukufika mbali. Kivuli kilisimama dirishani, mtu akagonga mbao kwa ufunguo.

"Fundi yupo? Naulizia simu yangu."

Fundi alitaka kuinuka. Nilimshika mkono, akakaa. Nikamgeukia mteja.

"Bado iko wodini," nilisema. Ilibidi nirudie, kwa sababu mara ya kwanza hakusikia.