Mtu wa Saa Nne

Mama alipanda ndege akiwa na hotuba kichwani. Alikuwa ameitunga kwenye cherehani yake kwa miaka miwili, akiitia viraka na kuipiga pasi, na ilikuwa na ufunguzi, kiini, na mahali pa kutulia ili msikilizaji apate nafasi ya kulia. Msikilizaji mwenyewe alikuwa mmoja tu: kitinda mimba wake, mpishi wa hospitali huko ng'ambo, ambaye hakuja kumzika baba yake.

Kosa lilikuwa kubwa kwa sababu safari ilikuwa fupi. Tiketi aliyoondokea kijana ilisema hivyo: ndege inaondoka saa nane mchana, inatua saa kumi na mbili jioni, siku hiyohiyo. Saa nne. Basi la kwenda kwa dada yake lilimlia saa zaidi ya hizo, tena kabla halijaharibika. Binti yake mkubwa alijaribu kumweleza kwamba saa za kule ziko nyuma ya za hapa, akajibiwa kwamba saa ni saa, haina kwao. Kwa hiyo mzee alipofariki usiku na ukoo ukataka kumngoja kijana, mjane alikataa katakata. Mtu wa saa nne hangojwi. Akitaka, atafika asubuhi. Kijana alisema kwenye simu kwamba ni mbali. Wakazika.

Sasa saa nne za angani zikaisha. Mama akafunga mkoba, akavaa viatu, akaketi wima kama mgeni rasmi. Ndege haikushuka. Akamuuliza jirani yake wa kiti, baba mmoja mwenye miwani, kama wamepotea. Yule baba akasema zimebaki saa saba za safari, kisha akarudi kulala bila huruma.

Jua lilikuwa limening'inia dirishani palepale, limegoma kuzama. Viatu vikaibana miguu, ilivyokuwa imeumuka. Shingo ikakosa pa kuwekwa. Alipanga foleni ya choo, akarudi, akakuta mshale wa saa umesogea kidogo tu, kama unaobembelezwa. Chini bahari, kisha mawingu, kisha bahari tena. Akajaribu kuipitia hotuba, lakini kila alipofika kwenye kiini aliiona bahari ile, na ng'ambo yake mwanawe yuko jikoni, ameshika simu, anaambiwa aache visingizio.

Mpishi alimngojea kwenye lango la wanaowasili, mabega juu, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Mama alimtazama, akaketi juu ya sanduku lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keti."

Hapakuwa na kiti. Akachuchumaa.

"Ukoo ulitaka kukungoja," mama akasema. "Mimi ndiye niliyekataa."

"Najua. Dada aliniambia wiki ileile."

"Ukanyamaza muda wote huu?"

"Ningesema saa ngapi, mama? Kila nikipiga simu unanipigia hesabu ya saa nne."

Watu waliwazunguka na mikokoteni yao ya mizigo, wengine wakiguna. Mama akavua viatu, akamwekea mwanawe mkono begani.

"Basi nikusimulie tulivyomzika," akasema.

Mpishi akaketi sakafuni. Mama akaanza tangu mwanzo, polepole, kwa sauti iliyokauka, bila kuruka kitu.