Jina Chini ya Wimbo

Ta. Ta-ta. Ta.

Bomba la joto lililo chini ya dirisha la jikoni kwetu huamka saa kumi na moja alfajiri, kabla ya mtu yeyote katika jengo, na likiamka hugonga kama mlevi aliyesahau ufunguo. Mvuke unapanda kutoka chini, chuma kinatanuka, kinalalamika. Majirani wote hulitukana. Mimi nilikuwa nalisubiri. Nilikaa gizani na kaseti tupu ndani ya redio, kidole juu ya kitufe, kwa sababu sikuwa na ngoma nyingine.

Nilichana mistari ya rapu kwa sauti ya chini, nusu kunong'ona, nikifuata mapigo ya bomba. Bomba likichelewa, nami nilinyamaza mpaka ligonge. Binti yangu Janae, wa miaka mitano, akijigeuza chumba cha pili, nilinyamaza tena, nikamwambia “sshh,” kisha nikaendelea. Kaseti ikijaa niliipandisha ghorofa ya tano, kwa Vernell Boykin.

Vernell ana sauti, hilo sitamnyima. Akisema “nipe chumvi” unahisi kuna jambo kubwa limetokea Bronx nzima. Lakini mpe kalamu na karatasi, atachora viatu. Nimesoma naye tangu darasa la kwanza. Shuleni nilimwandikia insha, baadaye nikamwandikia barua za kuomba radhi kwa wasichana watatu mbalimbali, na wote watatu walimsamehe, jambo ambalo lilizua matatizo mengine. Basi mwaka huo wa 1993, alipopata mkataba wa albamu na ameshajipa jina la Lord Vernell, alishuka ngazi mbilimbili akanigongea.

“Renita, dada'angu. Zile barua zako.”

“Umekosana na nani tena?”

“Sijakosana na mtu. Unaweza kuziandika zikawa na vina?”

Niliweza. Tulikubaliana mtu asijue, maana kwetu rapa anayelishwa mistari ni sawa na bondia anayepigiwa ngumi na binamu yake. Nami nilikuwa radhi kabisa. Nilitaka tu kuona kama maneno yangu yangesimama yenyewe nje ya jiko langu, bila mimi kuyashika mkono.

Yalisimama. Wimbo wa kwanza ulitoka mwezi wa kumi na mmoja, na siku moja nikiwa naosha vyombo nikamsikia mtangazaji akipiga kelele redioni: “Sikilizeni anavyonyamaza! Jamani, mnasikia? Wenzake wanajaza maneno kama gunia, huyu anakata, anakuacha unaning'inia, halafu anarudi!” Nikafunga maji ili nisikie vizuri. Vernell alikuwa ameikariri kaseti yangu yote, kila kitu, hata pale bomba lilipochelewa. Hata ile “sshh” yangu aliitia, kwa sauti yake nzito, na juma lile lile vijana wa kona yetu wakawa wanasalimiana kwayo. Wanaume wazima na makoti yao makubwa, wanaambiana sshh.

Nilicheka peke yangu mpaka Janae akaja kuuliza nimeumia wapi.

Ningeendelea kucheka kama si darasa la jioni. Jumatatu na Jumatano nilikuwa nasoma ili nipate kile cheti cha sekondari nilichokiacha nilipombeba Janae tumboni, na mwalimu wetu, Bi Abernathy, alitutaka kila mmoja alete maandishi anayoyapenda tuyachambue. Bwana Pinkney, dereva wa basi, alikuja na sare yake ya kazi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameisimamisha kaseti mstari kwa mstari mpaka akaunakili wimbo wote kwa mkono. Akavaa miwani, akasoma polepole kama anayesoma kanisani:

“Baridi imekaa mlangoni kama askari wa zamu,
nimekufunga vifungo vyote, cha shingoni ndicho kigumu;
ukiniuliza tunakwenda wapi, nitakwambia tunakwenda mbele,
lifti imekufa tangu juzi, tutashuka tukipiga kelele.”

Masikio yangu yakawa ya moto. Niliinama nikatafuta kitu ndani ya mkoba ambacho hakikuwemo.

“Anazungumzia jela,” alisema dada mmoja wa mbele. “Askari huyo hapo.”

“Lifti ndiyo serikali,” alisema mwingine. “Imekufa, tena wala siyo jana.”

Nikashindwa kujizuia. “Mimi nadhani ni mtu anamvalisha mtoto koti.”

“Usiurahisishe wimbo, Renita,” Bi Abernathy aliniambia kwa upole. Darasa likacheka kidogo. Nami nikacheka, ningefanyaje? Lakini yeye aliiomba ile karatasi, akaisogeza karibu na macho, akaisoma upya. “Hapana, ngojeni. Renita yuko sawa. Cha shingoni ndicho kigumu kwa sababu mtoto anakiminya kidevu chini, hataki baridi imguse. Aliyeandika hivi amefunga kifungo hicho mara mia. Bwana Pinkney, huyu kijana ana watoto wangapi?”

“Hana hata paka, mwalimu.”

“Basi ana jicho la ajabu sana. Tuandikie jina lake ubaoni.”

Bwana Pinkney akaandika kwa herufi kubwa: LORD VERNELL. Nasi wote tukalinakili kwenye madaftari yetu. Nami nilinakili. Nilikaa nikilitazama jina lile kwa mwandiko wangu mwenyewe, juu ya mistari yangu mwenyewe, na safari hii sikucheka.

Kesho yake nilimkuta Vernell kwa Cleophus, kinyozi wetu, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Nikamwambia tutoke nje.

“Hivi hivi?”

“Hivi hivi.”

Akatoka na shuka la kinyozi shingoni, likipigwa na upepo kama bendera. Nilimwambia bila kuzunguka: “Kava la albamu linakwenda kuchapwa Jumatatu. Nataka jina langu liwepo.”

“Limo!” Akang'aa uso, akachomoa karatasi nne chini ya shuka. “Nimeshaliweka kwenye shukrani. Sikiliza. Namshukuru Mungu, mama yangu, bibi yangu wa Carolina, jengo zima, Cleophus na vijana wote wa kiti cha pili, duka la mabawa ya kuku la pale kona, mbwa wa Cleophus... halafu, umeona? Renita wa ghorofa ya tatu.”

“Niko baada ya mbwa.”

“Mbwa ni mzee, Renita.”

“Vernell, sitaki kushukuriwa. Nataka pale chini ya jina la wimbo. Panapoandikwa nani ametunga.”

Akageuka kutazama ndani kupitia kioo. Cleophus alikuwa anatupungia mkono na mashine. “Unajua watanifanya nini humu?”

“Watakucheka.”

“Watanicheka mpaka wajukuu zangu waje kunyolewa hapa nao wachekwe. Na tulikubaliana, wewe na mimi, jikoni kwako.”

“Tulikubaliana wakati sijui.”

“Hujui nini?”

“Kwamba mistari yangu ni mizuri.”

Basi lilipita, likatumwagia matope ya theluji miguuni, wala hakuna aliyeruka.

“Sitamwambia mtu,” nilisema. “Nilikuahidi na ahadi iko palepale. Ila umebaki wimbo mmoja, na kaseti yake haipandi ghorofa ya tano. Uandike mwenyewe.”

“Unadhani siwezi?”

“Sijasema kitu.”

“Njoo studio Jumamosi mchana. Uje ujionee.” Akarudi ndani kwa hatua ndefu, nusu kichwa kikimeremeta.

Jumamosi nilikwenda na Janae, maana mama yangu alikuwa kazini. Studio ilikuwa chini ya duka la fundi viatu, unashuka ngazi zenye harufu ya gundi. Thaddeus, prodyuza, mtu mnene wa polepole asiyevua miwani hata akisinzia, alitupa kochi na akampa Janae vifaa vya masikio vilivyoharibika achezee. Nilikuwa na machungwa kwenye mkoba. Na kaseti kwenye mfuko wa koti. Sijui niliichukua kwa nini. Labda najua.

Vernell alisimama nyuma ya kioo, akasafisha koo, biti ikaanza. Biti tamu, ya kukufanya utikise kichwa bila ruhusa. Akachana:

“Mimi ni mkali, mkali, mkali kama pilipili,
nina mguu huu na huu, na viatu viko viwili...”

Thaddeus akaisimamisha. “Vernell.”

“Naam.”

“Kila mtu humu ana viatu viwili.”

“Ni picha hiyo, bwana. Ni lugha ya picha.”

“Ya nini?”

“Ya... utajiri.”

Janae alicheka akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Biti ikaanza tena. Mara hii Vernell alifika katikati ya neno, akakata, akanyamaza, akatutazama kupitia kioo kama anayengoja makofi. Thaddeus akaangalia mashine zake, akagusa waya mmoja.

“Maiki imekufa?”

“Haijafa. Ndiyo staili yangu ile.”

“Kwenye wimbo wa nne unanyamaza, moyo wangu unasimama. Hapa umenyamaza nikadhani tumekatiwa umeme. Tofauti ni nini? Nielekeze, maana wewe ndiye bingwa. Kwa nini kule unanyamaza pale pale?”

Mimi nilijua jibu, lilikuwa limenijaa mdomoni. Kule nilinyamaza kabla ya neno ambalo msikilizaji ameshaliona likija, nikalishika nyuma kidogo kama unavyomshika mtoto ukosi barabarani gari likipita. Bomba lilinifundisha mara ya kwanza kwa bahati tu. Mara zote zilizofuata nilijua ninachofanya. Vernell alinitazama mimi. Ningeweza kusema. Nilikuwa nimeahidi, kwa hiyo nikatoa chungwa mkobani nikalimenya, ganda moja refu lisilokatika, macho yangu juu yake kama kwamba ni kazi ya kuajiriwa.

Alijaribu mara nne. Mara ya tano alivua vifaa vya masikio, akavitundika vizuri, akatoka.

“Zima, Thaddeus.”

“Nimeshazima.”

“Mimi ni mdomo,” alisema Vernell. Ile sauti yake kubwa ilikuwa imepungua mpaka ikawa sauti ya yule mvulana wa darasa la kwanza. “Mdomo tu. Kichwa ni hicho hapo kwenye kochi, kinamenya chungwa. Nyimbo zote tisa.”

Thaddeus alivua miwani. Sikuwa nimewahi kuyaona macho yake. Akaifuta kwa shati, taratibu, akairudisha.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza.”

“Vernell, kwenye wimbo wa sita unaeleza namna ya kupima joto la maziwa ya chupa kwa kuyadondoshea kwenye kifundo cha mkono. Ulidhani mimi nafikiri nini?”

“Nilidhani unafikiri nina kipaji.”

“Nilidhani umeoa kwa siri.”

Nilicheka mpaka chungwa likanitoka, na Vernell akaketi sakafuni akacheka pia, akijipigapiga paja, ingawa macho yalikuwa mekundu. Kisha Thaddeus akaninyooshea kiganja. “Kaseti iko wapi, dada?”

“Jina kwanza,” nilisema. Nikaufunika mfuko wa koti kwa kiganja, nikarudia. “Jina kwanza.”

Akafungua droo. Katika studio ile, kabla watu hawajavaa makoti, kila aliyetia mkono wake kwenye wimbo hujiandika kwenye karatasi ya wimbo huo, na kampuni huchapa kava kwa kufuata karatasi hizo. Zilikuwepo tisa, na mbele ya neno “maneno” zote zilisema Vernell Boykin. Vernell alizivuta, akalikata jina lake moja baada ya jingine. Kwenye ya pili akasita.

“Kiitikio hiki ni changu. Kile cha 'ee-yo, ee-yo'.”

“Ni chako,” nilisema. “Na ni kizuri.”

Akaliacha jina lake pale, akalikoleza wino. Kisha akanitazama kwa jicho la kuomba. “Sasa nina wazo. Tunaandika R. Gaskins. Si uongo. Watu watafikiri ni Ronald au nani, mambo yanaisha kimya kimya.”

“Renita.”

“R. ina heshima yake, lakini. Kama daktari.”

“Renita, Vernell. Herufi zote.”

“Cleophus anajua kusoma, unajua.”

“Ndiyo maana.”

Akapumua kwa nguvu kama mtu anayebeba kochi ghorofa tano. “Basi nitajinyoa nyumbani mwaka mzima,” alisema, akanisogezea karatasi na kalamu.

Nilifuta mikono kwenye sketi mara mbili, ilikuwa bado inanata. Jina langu nimeliandika sana: hospitali, shuleni kwa Janae, kwenye fomu za darasa la jioni. Kote huko nilikuwa naomba kitu. Nikaandika Renita, nikaandika Gaskins, nikavuta karatasi ya pili. Vernell, niliyempa kaseti baada ya karatasi ya kwanza, alikuwa ameshaitia kwenye mashine, sauti yangu ya kunong'ona ikajaa chumba kizima, naye akasimama akiisikiliza, midomo ikicheza, anajifunza.

Nilipofika karatasi ya tatu, Janae alikuwa ameweka kidevu chake juu ya meza, pua karibu iguse wino, akifuata kalamu kwa macho herufi kwa herufi. Akanivuta mkono wa sweta.

“Na mimi nataka kuandika langu,” alisema.