Msumeno wa Kutumia Mara Moja Moja

Jumanne saa tatu na nusu asubuhi, Abdulaziz na dada yake Mishi waliingia duka moja la vifaa vya ujenzi pale Ukunda kuchagua msumeno wa mashine, ule ambao watu huuita pawa. Abdulaziz alivaa shati alilopewa hotelini Diani siku aliyostaafu upishi. Mishi alibeba mkoba, leso ya jasho na kifuu cha dafu alilolinywa kwenye tuktuk, kwa kuwa hakuona pa kukitupa.

Muuzaji alikuwa msichana wa bara aitwaye Beryl, aliyekuja pwani miaka miwili kabla.

"Karibu mzee, karibu mama. Mnataka pawa ya biashara ama ya nyumbani?"

"Ya nyumbani," akasema Abdulaziz. "Kutumia mara moja moja. Matawi ya mkorosho, kuni, na mnazi mmoja."

"Mnazi wa nani?" Beryl akauliza. Miaka miwili yatosha kujifunza kuuliza.

"Wangu," akasema Mishi.

Huko Msambweni, mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na si lazima wawe mtu mmoja. Mnazi ule aliupanda baba yao, marehemu mzee Chirau, wiki Mishi alipozaliwa, na kitovu chake kikazikwa shinani. Alipokuwa akikata roho, mzee alisema mbele ya watu: mnazi wa kisimani ni wa Mishi. Alikuwa aendelee, lakini mtu mwema akampa maji, akanywa, akafa. Baadaye Abdulaziz aliandikisha shamba zima kwa jina lake peke yake, akasema ni kupunguza makaratasi. Fungu la dada yake kisheria, ambalo ni nusu ya fungu la kaka, aliahidi kumpa. Mtu akimuuliza leo, bado anaahidi.

Kwa hiyo Mishi alibaki na mnazi. Lakini mnazi wenye mwenyewe si kitu kidogo. Mwenyewe hana budi kupewa njia ya kuufikia, na hakuna anayejenga juu yake. Maadamu umesimama, Mishi alikuwa na mahali. Na bwana mmoja kutoka Nairobi, aliyetaka shamba ajenge villa, alikuwa amesema atatia sahihi siku ambayo hapatakuwa na mti wa mtu.

Kwamba mnazi na Mishi walikuwa wakisikia pamoja, hilo lilijulikana mtaa mzima na halikuwa habari. Kombe, mkwezi wa kuangua nazi, hakuupanda bila kupiga hodi kwanza. "Dada Mishi, napanda!" Naye Mishi, awe jikoni au sokoni, hujibu, "Panda, ila kucha zako, Kombe!" Kisha hushika mbavu na kucheka mpaka Kombe ashuke.

Abdulaziz alipomwomba Kombe aukate, Kombe alikumbuka kwamba ana msiba Kinango. Wapasua mbao wa Matuga walikubali, wakaja, wakauliza mnazi wa nani, wakaonyeshwa Mishi akichambua mchele, wakagundua kwamba mashine yao imeharibika. Ndipo Abdulaziz akaamua kununua yake.

Mishi alisema atakwenda naye dukani. Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, kama ni kukatwa, akatwe na kitu alichokichagua. Ya pili hakuisema.

Beryl aliwapeleka uani nyuma ya duka na kuanza na msumeno mkubwa wa petroli, wenye ubapa wa inchi ishirini. Alivuta kamba mara tatu. Mashine ilipounguruma, unga mwekundu wenye nyuzinyuzi ulianza kumwagika kutoka mkono wa buibui la Mishi, ukafanya kichuguu juu ya saruji. Beryl akazima.

"Hii ni kubwa sana kwa mama," akasema, akaenda kuleta ufagio.

"Huo haukati, unang'oa," akasema Mishi, akikung'uta kiganja. "Nimesikia mpaka kwenye meno."

"Na mzee, hii ikigonga mahali pabaya itakurukia usoni. Ya nyumbani chukua inchi kumi na nne, kumi na sita ikizidi."

Wa pili ulikuwa wa stima. Huo ulinong'ona tu, na unga ulitoka laini kama poda ya mtoto. Mishi aliufurahia, akauliza waya wafika wapi. Beryl akamwonyesha.

"Mnazi wangu uko kisimani," akasema Mishi. "Na stima ikipotea katikati?"

"Mnangoja irudi."

"Nani angoje? Mimi?"

Wa tatu ulikuwa wa betri, mwepesi, hauna kamba wala moshi. Mishi alikufa ganzi mkono wa kushoto hadi kiwikoni, akasema si haba. Lakini Beryl alikuwa mkweli, jambo ambalo mwenye duka alikuwa akijaribu kumwachisha. Alisema shina la mnazi ni gumu nje na lina mchanga ndani, linamaliza makali ya mnyororo. Betri itakwisha mara mbili au tatu kabla ya kufika ng'ambo.

"Na kuchaji?"

"Saa mbili hivi."

Mishi alikaa juu ya mfuko wa saruji akalifikiria jambo hilo. Alifikiria saa mbili za kwanza, kisha saa mbili za pili.

"Leta mwingine," akasema.

Wa nne ulikuwa wa petroli, mdogo, inchi kumi na nne, una breki ya mnyororo na kitangi cha mafuta ya kuulainisha. Unga ulimwagika sawasawa, bila vishindo, kama mtu amwagaye mtama kwa kuku. Mishi alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa amepauka kidogo midomoni.

"Huu hauna maneno mengi. Chukua huu, Abdu."

Beryl alizima, akamtazama Abdulaziz. "Mzee, si uuache tu? Pawa nzima kwa mnazi mmoja?"

"Utanifaa kwa mengine."

"Kama gani?"

"Kuni."

"Nyumbani mwapikia gesi," akasema Mishi.

Abdulaziz hakuwa mtu mbaya. Alimnunulia dada yake soda, akachagua miwani ya kinga na glavu, akauliza kama zipo za saizi ya mwanamke, kwa adabu tu. Walipokuwa wakitoka alimwambia, "Dada, nisikilize. Mti ni wako na utabaki wako. Ukishalala chini, kigogo chako, makuti yako. Sichukui hata kijiti."

"Na pale uliposimama?"

"Pale si mti, dada."

Mlangoni palikuwa na unga ambao Beryl hakuwahi kuuzoa. Hii ndiyo ilikuwa sababu ya pili ya Mishi: kwamba pengine kaka yake akiuona kwa macho yake, atasema turudini nyumbani. Abdulaziz aliuona. Aliuruka, asichafue viatu.

Waliukata Alhamisi saa nne. Hasina, mke wa Abdulaziz, alipika chai na mahamri, maana watu walikuwa wamekuja na viti vyao. Mishi aliketi barazani juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, akitazama vidole vyake. Msumeno ulitimiza sifa zake zote. Mara mbili Abdulaziz alisimama kunoa mnyororo kwa tupa, na mara hizo mbili watu walizungumzia bei ya samaki. Kunguru waliokuwa kisimani waliacha kulia, lakini hawakuondoka.

Saa tano kasorobo msumeno ulitokea upande wa pili. Abdulaziz alipiga magoti, akachungulia katika mkato, akaona mbuzi wa jirani.

Mnazi haukuanguka.

Aliusukuma. Wakaja vijana wanne na kamba, wakavuta. Ukainama kama miti inavyoinama, ukarudi ulipokuwa. Kati ya kisiki na shina palikuwa na nafasi ya upana wa kidole, na upepo ulipita humo ukivuma kama mtu apulizaye chupa. Hasina alipitisha uzi wa kufumia, ukapita bila kushika popote.

Mishi alisimama, akatoka barazani, akavuka uwanja wa mchanga uliofagiwa asubuhi ile. Nyuma yake mchanga ulibaki ulivyofagiwa.

"Umekuwa mwepesi, wifi," akasema Hasina.

"Kidogo."

Wakamwita Nzai, mzee wa mtaa, mtu mwenye muhuri na simu mbili. Alivua kofia, akapitisha ukuti katika mkato kutoka kushoto, kisha kutoka kulia, akaandika.

"Mti uliokatwa ni kuni," akasema. "Kuni hazidai njia."

"Lakini umesimama, mzee," akasema Mishi.

"Umesimama, mwanangu, lakini haujashika. Mimi naandika kilichoshika."

Wiki iliyofuata alikuja wakili wa yule bwana wa Nairobi. Naye hakuridhika na maneno. Alitoa mkataba wenyewe ndani ya bahasha, akaupitisha karatasi moja moja katika mkato ule, zikatoka safi upande wa pili. Watu wakatia sahihi palepale, juu ya ukingo wa kisiki uliojitokeza nje ya shina, kwa kuwa ulikuwa bapa.

Villa ilikwisha kabla ya Ramadhani. Mnazi uko bustanini, juu ya kisiki chake, na wageni hupenda kupigwa picha wakiwa wamepitisha kitambaa katikati. Abdulaziz alijenga nyumba nyingine karibu na barabara, ina vyumba vitatu, na kila akimwona dada yake humwambia kwamba lile fungu lake halijasahaulika. Mishi amepanga chumba nyuma ya shule.

Mwezi uliopita alikwenda kuutazama mnazi. Langoni alimkuta Rai, askari mgeni, kijana mpole, aliyemwamkia shikamoo na kumpa daftari la wageni.

"Jina, mama, kitambulisho, na unamtembelea nani."

Mishi aliandika jina lake. Kwenye nafasi ya anayetembelewa, aliandika jina lake tena.

Rai alisoma, akachukua orodha ya wakaazi, akashuka nayo kwa kidole hadi chini, akageuza upande wa pili.

"Huyu hayumo humu, mama."

"Nitamngoja."

Rai alimletea kiti kivulini. Mishi alingoja hadi adhana ya adhuhuri, kisha akaaga, akaenda kusali. Rai alifungua daftari, akaandika saa aliyotoka, na mbele ya jina lake, kwa hati nzuri ya shule: *Hakupatikana.*