Kidirisha cha Paani

Saa nne asubuhi fundi wa mapaa aliegemeza ngazi kwenye ubavu wa gari-nyumba, akaweka chini ndoo ya sabuni, brashi laini na furushi la vitambaa. Gari lilikuwa la zamani: vitanda vitatu, jiko la ukubwa wa kabati, na choo ambacho mtu mnene angekiingia kinyumenyume. Lilikuwa limeegeshwa nyuma ya karakana kwa miaka kumi na mmoja, tairi zimelala chini kama mtu aliyechoka kusubiri. Paa lake lilikuwa la mpira, na mpira nao ulikuwa umezeeka. Ulipauka, ukawa unaacha unga mweupe viganjani, na kingo zake ziliinuka.

Waliokaa humo walikuwa wawili: Dereva, ambaye alikuwa amestaafu, na mkewe Mshonaji, ambaye hakustaafu kwa sababu hakuna aliyemwambia astaafu.

"Panavuja wapi, mama?" fundi aliuliza.

"Juu ya kitanda cha binti yetu. Lakini mvua yenyewe si ya hapa."

Fundi akatazama juu. Jua lilikuwa kali, hakuna hata wingu. Akaingia ndani, akaona beseni juu ya godoro na tone linadondoka kila baada ya pumzi tatu. Akachovya kidole, akaonja.

"Kweli, ya hapa haina vumbi la mawe," alisema. "Hii imetoka mbali."

Ilikuwa mvua ya huko aliko binti. Ikinyesha huko, inavuja hapa, na sauti yake inakuja nayo, neno kwa tone: binti akimwambia mtu aanue nguo, binti akicheka, binti akikohoa wiki nzima. Na kwa miaka mitatu sasa, sauti ya mtoto ikisema, "Kitendawili!" na ya binti ikijibu, "Tega!" Mshonaji alikuwa akishona huku sikio liko kwenye beseni. Mji hakuujua, maana mvua haitaji mji. Alishajaribu kuita, lakini sauti yake iligonga dari ikarudi.

"Mbao zimeoza," fundi alisema. "Mwezi mmoja mwingine, paa zima linakuja kulala kitandani. Hapo hamna nyumba tena."

"Basi ziba," alisema Dereva.

Mshonaji hakuwahi kukubali gari lile lisogezwe hata hatua moja, ili binti akirudi alikute pale alipoliacha. Sasa likianguka, atarudi wapi?

Siku aliyoondoka ilikuwa saa tisa alasiri. Mshonaji alikuwa na homa, amejifunika gubigubi. Binti alitaka kufundishwa kuendesha gari, na baba yake akamjibu kwamba usukani wake haushikwi na mtu mwingine. Wakagombana. Binti akatoka kwenda kukaa kwenye kipandio cha mlango apoze hasira, akaacha kidirisha cha paani, kilicho juu ya kitanda chake, kiko wazi. Wingu likaja. Mshonaji akasema kutoka ndani ya blanketi, "Mzee, mfungie, mvua hiyo."

Alitaka kidirisha kifungwe, godoro la mtoto lisilowe. Dereva akainuka, akafunga mlango, akatia komeo. Nje, binti alilisikia neno moja tu, mfungie, kwa sauti ya mama yake. Akaondoka na ndala alizovaa.

"Mimi nilielewa mlango," Dereva alikuwa akisema tangu siku hiyo. "Neno lenyewe lina milango miwili." Na Mshonaji alikuwa akimwamini.

Fundi alisugua paa lote, akalisuuza, akalifuta mpaka likakauka. Alipofika kwenye kidirisha akasimama.

"Nani alipaka lami juu ya mpira?" aliuliza kutoka juu. "Hivi viwili haviivi chungu kimoja. Lami inautafuna mpira. Balaa lote limeanzia hapa."

"Mimi," Dereva akajibu, kikombe cha chai mkononi. "Niliambiwa nifunge, nikafunga."

"Lini?" Mshonaji aliuliza.

"Kesho yake asubuhi."

Cherehani ikanyamaza. Kesho yake asubuhi binti alikuwa bado stendi. Muuza maji alimwona amekaa pale siku mbili, akitazama njia ya karakana. Wao walikuja kuambiwa baadaye.

"Kumbe kesho yake ulishajua kuwa ni kidirisha."

"Nilijua. Ndiyo maana nikakifunga."

"Na stendi ni mwendo wa dakika kumi."

"Lami ilikuwa imeshayeyuka," alisema Dereva. "Isingengoja." Akapuliza chai yake.

Fundi alibandua lami kipande kwa kipande, kwa ubao ili asiuchane mpira. Chini yake pakafunguka tundu la ukubwa wa sahani. Yeye juu aliona kitanda. Mshonaji chini aliona anga la kijivu, zito, linalonyesha.

"Mama, kama una la kusema, sema," fundi alimwambia. "Gundi nimeshaipaka. Ikifika robo saa, lazima nibandike."

Mshonaji alipanda juu ya kitanda cha binti, magoti yakilalamika. Maneno alikuwa nayo ya miaka kumi na mmoja. Lakini neno la kawaida mtu anaweza kulinyamazia. Kitendawili hakinyamaziwi, na anayeshindwa hutoa mji.

"Kitendawili!" akaita.

"Tega!" ilisema sauti ya mtoto, bila kuuliza ni nani.

"Nikimfungia, halowi. Nikimfungia, analowa."

"Mwavuli!"

"Siyo."

"Kuku wa jirani!"

"Kuku gani tena, mjukuu wangu? Siyo."

"Basi nimeshindwa."

"Toa mji," alisema Mshonaji, na fundi akashusha brashi asikilize. "Nataka huo huo mnaokaa."

Mtoto akavuta pumzi autaje.

"Ngoja," sauti nyingine ilisema. Matone yakakawia. "Ni kidirisha," alisema binti polepole. "Kidirisha na mlango."

Tone moja likamwangukia Mshonaji mdomoni. Lilikuwa na chumvi.

"Umepata," alisema.

Na aliyepata hadaiwi mji. Sheria hiyo Mshonaji alimfundisha binti mwenyewe, juu ya kitanda hicho hicho. Akafungua kinywa amwite kwa jina, lakini mvua ya huko ikawa imekatika, na sauti zikakatika nayo.

Fundi alingoja robo saa iishe, akaongeza dakika mbili zake mwenyewe. Kisha akabandika kiraka, akakandamiza kingo kwa gurudumu dogo, akazungushia uji mzito wa kuziba, akashuka.

Alasiri mvua ya hapa ilinyesha. Dereva alitazama dari.

"Haivuji."

"Haivuji," alisema Mshonaji.

"Alisemaje?"

"Alijibu."

"Si nilikwambia lina milango miwili?"

Mshonaji alilikausha beseni, akalirudisha juu ya godoro, pale pale. Mvua ilipozidi, Dereva aliinuka akatia komeo mlangoni, kama kawaida yake. Mshonaji akasubiri akae, akaenda akalitoa, kama kawaida yake.