Vivuli vya Mtaa Uliofichwa

Asubuhi ile Kimya alikuwa anaficha nyumba. Aliketi mbele ya kompyuta katika chumba cha studio kilicho juu ya duka la mabomba, miguu ikiwa juu ya boksi kwa sababu kiti kilimzidi kimo, na kila alipobonyeza kipanya nyumba moja ilitoweka kwenye skrini. Alianza na ya muuza mkaa. Akafuatia ya mapacha waliogombania kamba ya kuanikia nguo tangu usichana wao. Mwisho akaficha kibanda cha kinyozi, ambacho kilikuwa cha baba yake, kisha akamalizia chai iliyokwisha kupoa.

Nyumba zile alizijenga mwenyewe, bati kwa bati, ndani ya programu ambayo watu huitumia kutengeneza michezo ya video. Mchezo wenyewe haukuwamo. Hapakuwa na adui wa kupigwa wala pointi za kukusanya. Alijenga mtaa aliozaliwa, akautundikia jua, akaiacha kamera ipite juu yake polepole huku nyumba zikiondoka moja moja. Hiyo ndiyo filamu nzima. Wapenzi wa filamu za majaribio, ambao hukutana mara kwa mara katika ukumbi wa maktaba, hawaulizani hadithi inahusu nini. Hukaa wakatazama mwanga unavyotambaa ukutani, na wakitoka nje hubishana kuhusu ukuta.

Mtaa wa kweli ulikuwa umevunjwa. Kampuni ya majengo ilizungushia mabati mahali pale, ikasimamisha bango lenye picha ya ghorofa na maneno makubwa: Eneo lililokuwa tupu linapata uhai. Kwa kuwa lilikuwa tupu, hapakuwa na mtu wa kuulizwa neno.

Nyumba zilipokwisha kutoweka kwenye skrini, vivuli vyake vilibaki chini. Kimya hakushtuka. Kosa hilo kila anayetumia programu ile hulifanya. Kitu kina swichi yake, na kivuli chake kina swichi yake. Ukizima ya kwanza ukasahau ya pili, nyumba huenda zake na kivuli hubaki kimelala barabarani. Alizizima swichi zote. Vivuli vikabaki. Kisha vikaongezeka vya watu, ingawa hakuwa ameweka mtu hata mmoja.

Mkuu wa studio, ambaye wote walimwita Kaka Mkubwa, alikuja akainama nyuma ya kiti chake.

"Nani kakwambia uweke watu? Kompyuta yenyewe hii inahema."

"Sijaweka, kaka."

"Sasa hawa?"

"Wamekuja wenyewe."

Kaka Mkubwa aliwatazama. Mmoja alikuwa anafagia. Wawili walikuwa wanavutana kitu kirefu chembamba. "Haya," akasema, "wahifadhi mapema, umeme usije ukakatika." Akarudi mezani kwake kumalizia tangazo la kampuni ya majengo, kwa maana studio ililipa pango kwa kazi za namna hiyo.

Pale kilipokuwa kibanda, kivuli kimoja kilikuwa kimesimama, mkono juu, kikimnyoa mwingine aliyeketi. Bega lake la kushoto lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia. Kimya alilijua bega lile. Alikuwa amelilalia utoto wake wote.

Baba yake hakuwa na kivuli. Wala shangazi yake hakuwa nacho, wala mtu yeyote aliyetoka mtaa ule. Walihamishwa saa sita mchana, saa ambayo kivuli ni kidogo na kimejikunyata chini ya nyayo, rahisi kusahaulika. Watu waliwahi magodoro na masufuria. Jioni yake, walipokuwa wanapanga vitu kwenye vyumba vya kupanga, ndipo walipoona kwamba mwanga wa taa unawapita bila kuacha kivuli.

Wengi waliizoea hali hiyo. Kimya mwenyewe alikuwa chuoni siku ile, na kivuli chake alikuwa nacho. Kwa baba yake mambo yalikuwa mengine. Kinyozi hufuata kivuli cha mkono wake kwenye shingo ya mteja. Ndicho kinachomwonyesha wembe uko umbali gani na ngozi. Bila kivuli alimkata mtu sikio, akauweka wembe chini. Tangu hapo akaanza kupungua. Daktari alimpima uzito, akamwambia ale mboga za majani, akampima tena. Shati lilibaki lile lile, aliyemo ndani ndiye aliyepungua. Siku za upepo shangazi alimpakatisha mfuko wa viazi asije akapeperushwa.

"Nimekiona kivuli chako, baba," Kimya alisema walipokuwa wanakula. Alisema huku anatazama sahani.

"Kinafanya nini?"

"Kinanyoa."

"Na mimi je?" shangazi akadakia.

"Unafagia, shangazi."

"Hebu ona! Miaka yote hii nafikiri mwenzangu kapumzika." Shangazi akacheka, kisha akaacha. "Anafagia kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Basi ni mimi."

Baba aliusogeza mkono wake chini ya taa, akautazama ubao wa meza ulio chini yake, mweupe, usio na doa.

Kimya alikuwa mtu wa kuona haya hata kumwomba mwenye duka chenji, lakini katika kazi hakuwa mwoga. Alifikiri hivi: ikiwa filamu itaonyeshwa kwa ukubwa wa kweli, na jua la ndani yake likawekwa saa sita ile ile, basi kivuli kitakaa sawasawa chini ya nyayo za mwenyewe, na mwenyewe ataondoka nacho. Ukutani haitawezekana, maana hakuna anayesimama ukutani. Itabidi ionyeshwe sakafuni. Alimwuliza baba yake upana wa kibanda, na baba akanyoosha mikono yote miwili. Kimya akaipima kwa utepe wa shangazi, akaingiza kipimo kwenye kompyuta. Akalisogeza jua kidogo kidogo hadi vivuli vya vibaraza vikafanana na alivyovikumbuka.

Maonyesho yalikuwa Jumamosi alasiri. Projekta ilifungwa kwenye boriti ya ukumbi wa maktaba, ikatazama chini, na mapazia yakafungwa. Wapenzi wa filamu walikaa pembeni wakiwa wamevua viatu. Watu wa mtaa nao walikuja, wamevaa vizuri kama wanaokwenda kuchukua mgonjwa hospitali. Ofisa masoko wa kampuni ya majengo alikuja pia, kwa sababu Kaka Mkubwa humwalika kila mteja kwenye kila kitu. Alisimama mlangoni na viatu vyake.

Taa zikazimwa, na mtaa ukaanza kupita sakafuni taratibu kama mkeka unaovutwa. Nyumba ya muuza mkaa ilionekana kutoka juu, bati lake lina kiraka, ikatoweka, kivuli kikabaki. Jua likafika saa sita. Muuza mkaa akajongea, akasimama, akapapasa kwa unyayo. Alipotoka kwenye mwanga, kivuli kilitoka naye. Alikaa kwenye kiti chake, na kwa mara ya kwanza tangu wahamishwe kiti kililia chini yake.

Mapacha walichelewesha mambo kidogo.

"Hicho changu! Chako kile chenye makalio."

"Makalio tunayo sawa, usinianze mbele za watu."

Wakaingia wote wawili, wakatoka wakiwa bado wanabishana, na hakuna aliyejua kama walipatia. Shangazi alikichukua chake bila maneno, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Mwalimu mmoja wa fizikia, mpenzi wa filamu ambaye huwa analala mapema, alibaki macho, akanong'ona kwa jirani yake kwamba kazi hii ina mdundo.

Kila mtu alipochukua cha kwake, sehemu ile ya sakafu ilibaki nyeupe, laini, bila alama. Ofisa masoko aliiona.

"Safi sana, dada," alimwambia Kimya kwa sauti ya upole, maana alikuwa mtu mpole. "Sasa panaonekana. Ndivyo tunavyosema sisi siku zote, eneo lilikuwa tupu. Mkimaliza hivyo vilivyobaki, tutaiomba filamu hii tuitumie."

Vilivyobaki vilikuwa viwili. Kibanda cha kinyozi kilikuwa kimefika katikati ya ukumbi, kikatoweka, na chini yake vikaonekana kinyozi na mteja wake. Kimya aliisimamisha kamera. Baba yake alikuwa ukingoni mwa mwanga, viatu mkononi.

"Zamu yako, baba," akasema. "Jua liko sawa."

Baba alisogea mpaka vidole vya miguu vikagusa mwanga. "Unamjua huyo wa kitini?"

"Hapana."

"Fundi saa. Nilimwacha nusu. Upande mmoja nimemaliza, upande mwingine una povu, ndipo wakaja wale." Alikielekezea kidole kivuli cha kitini. "Alikufa msimu wa mvua, na povu moyoni. Hana wa kuja kumchukua."

"Baba, wewe chukua chako tu. Unapungua. Daktari mwenyewe kasema."

"Nikichukua changu atabaki peke yake. Na kivuli kimoja pale chini, mwanangu, watasema ni doa. Watalipaka rangi. Lakini wawili, mmoja amesimama na mmoja ameketi, mkono uko shingoni..." Akavivaa viatu vyake. "Hiyo ni kazi. Mtu akiona kazi anajua palikuwa na watu."

Ofisa masoko alitazama saa yake.

Kimya alikuwa na mkono juu ya kipanya. Ndani ya programu ile hakuna kinachokataa kusogezwa. Angelisukuma jua kidogo, au angeivuta sakafu nzima hadi miguuni pa baba, na kivuli kingemnasa atake asitake. Aliliona bega la kushoto la kivuli, na la baba yake, yote mawili yameinama kwa kiasi kimoja. Kidole chake kilikuwa tayari.

"Acha jua lilipo, mama," baba yake alisema.

Aliacha. Filamu ikaisha ikiwa na watu wawili sakafuni, na wapenzi wa filamu wakapiga makofi, wakatoka nje kubishana kama ingefaa kuwa ndefu zaidi.

Kampuni haikuitumia. Tangazo la Kaka Mkubwa lilitoka kama lilivyoandikwa, na ndani yake sauti nzuri ya mwanamke ilisema kwamba eneo lilikuwa tupu. Bango halikubadilishwa. Ghorofa lilijengwa, likajaa. Katika sebule ya nyumba ya chini, pale kilipokuwa kibanda, kila mchana jua linapoingia dirishani, kinyozi na fundi saa huonekana sakafuni karibu na televisheni. Wapangaji walilalamika mara moja. Kampuni ikabadilisha vigae, na vivuli vikalala juu ya vigae vipya. Sasa wapangaji wamelisogeza kochi ili wasiwakanyage, na mgeni akiuliza huambiwa kwamba hao walikuwamo.

Baba aliendelea kupungua. Alikula mboga za majani. Kimya humpeleka kliniki kwa miguu, na amejifunza kutembea upande wa jua, hatua nusu mbele, ili kivuli chake kimwangukie baba badala ya kuanguka chini. Kinamfunika begani tu, kwa sababu yeye ni mfupi. Baba humwuliza kama hachoki kutembea kiupandeupande namna ile. Yeye husema hachoki, na wakifika kwenye kona ambapo barabara inageuka, hupita nyuma yake haraka, akahamia upande mwingine.